Viota Viliwavyo: Safari ya Mapango ya Borneo

Wako watu duniani ambao, wakitaka kumheshimu mgeni mkubwa, humwekea mezani bakuli la supu ya kiota cha ndege. Msomaji asidhani kwamba twafanya mzaha. Hatusemi nyama ya ndege, wala mayai yake. Twasema kiota chenyewe, ile nyumba anayoijenga ili alelee watoto wake. Watu hao ni Wachina, na chakula hicho wamekipenda kwa karne nyingi. Hata leo kilo moja ya viota vyeupe vilivyosafishwa vizuri huweza kuuzwa kwa zaidi ya dola 2,000 za Kimarekani.

Mtu akisikia habari kama hii kwa mara ya kwanza, hucheka. Lakini kucheka si kujua. Wageni wafikao kwetu nao hushangaa wakituona tukila kumbikumbi na viwavi, hali sisi twajua utamu wake. Basi afadhali tufunge safari kwa mawazo, twende mpaka kule viota vitokako. Tuwatazame ndege, tuwatazame na watu wanaohatarisha maisha yao kwa ajili ya bakuli moja la supu. Kisha tuulize kama chakula hiki ni dawa kweli, jinsi kinavyosifiwa.

NCHI YENYEWE

Ingawa walaji wengi wakaa Uchina, viota vyenyewe hutoka hasa katika nchi za joto zilizo kusini yake: Indonesia, Malaysia, Thailand na Vietnam. Sisi tutakwenda Borneo, kisiwa cha tatu kwa ukubwa duniani, baada ya Greenland na New Guinea. Mstari wa ikweta, ule ule unaoikata nchi yetu ya Kongo, hukipita kisiwa hicho. Kwa hiyo mtu wa Kisangani akitua huko hataona ugeni mkubwa: mvua nyingi, mito mipana yenye maji ya rangi ya udongo, na msitu mnene usiopitisha jua. Atakachoshangaa ni kuona mashamba makubwa ya michikichi yaliyopandwa safu kwa safu, maana mti huo ni wa kwetu Afrika, nao ulipelekwa huko na Wazungu.

Kaskazini mwa kisiwa liko jimbo la Sabah. Zamani lilitawaliwa na Waingereza kwa jina la Borneo ya Kaskazini. Mwaka 1963 likaungana na Malaysia. Katika pwani yake ya mashariki umo mji wa bandari uitwao Sandakan, ambako wafanyabiashara wa Kichina wamenunua viota tangu siku za wazee wao. Kutoka Sandakan gari huchukua muda wa saa mbili hivi, likielekea upande wa mto Kinabatangan, wenye urefu wa kilometa 560. Humo msituni husimama kilima cha mawe ya chokaa, na ndani ya kilima hicho yamo mapango ya Gomantong.

Mapango makubwa ni mawili. La kwanza laitwa Simud Hitam, yaani pango jeusi. La pili, lililo juu zaidi kilimani, laitwa Simud Putih, yaani pango jeupe. Rangi hizi si za mawe, bali za viota vinavyopatikana humo. Katika pango jeusi paa hufika kimo cha mita 90. Kanisa kubwa lolote tulizoealo lingeweza kuingia humo pamoja na mnara wake, na ndege wangaliendelea kupita juu ya msalaba.

Mwenye kuingia hupokewa kwanza na harufu. Mavi ya popo na ya ndege yamerundikana chini kwa miaka isiyohesabika, nayo hutoa hewa kali inayochoma macho. Juu ya lundo hilo hutembea mende wasio na idadi. Wageni wamejengewa njia ya mbao, lakini hata vyuma vya kushikilia vimejaa mende. Kisha sikio husikia jambo jingine: kelele kama ya njugu zikipasuka motoni, ta-ta-ta-ta, kutoka gizani juu. Hao ndio wenye nyumba.

NDEGE NA MATE YAKE

Wachina humwita ndege huyu kwa jina la mbayuwayu, lakini wataalamu wa ndege wasema si mbayuwayu, ingawa wafanana. Yeye ni wa jamaa ya teleka, wale ndege wa mabawa marefu yaliyopindika kama mundu, wasiotua matawini kwa kuwa miguu yao ni mifupi na dhaifu. Hushinda angani mchana kutwa wakikamata wadudu warukao, na usiku hujibandika ukutani kwa kucha zao.

Katika pango lenye giza macho hayafai kitu. Kwa hiyo ndege huyu hupiga ile kelele ya ta-ta-ta na kusikiliza mwangwi unaomrudia kutoka kwenye mawe. Kwa mwangwi huo ajua mahali ukuta ulipo na mahali pa kupitia. Popo nao hufanya hivyo, lakini sauti zao nyingi ni nyembamba mno, sikio la mtu haliwezi kuzisikia. Sauti ya ndege huyu twaisikia vizuri.

Sasa tazameni ujenzi wake. Mahali pa juu hivyo hapana matope wala majani, naye hawezi kutua chini kuokota vijiti. Majira ya kutaga yakikaribia, tezi za mate zilizo chini ya ulimi wake huvimba. Hutoa mate mazito kama gundi, huyapaka ukutani uzi kwa uzi, nayo hukauka upesi na kuwa magumu. Usiku hata usiku huongeza nyuzi nyingine, mpaka baada ya siku 35 hivi kimetokea kikombe kidogo, kama nusu ya kisahani, kilichonata mwambani. Humo hutagwa mayai.

Aina zinazowindwa na wafanyabiashara ni hasa mbili. Moja hujenga kwa mate karibu matupu. Kiota chake ni cheupe nacho hushinda vyote kwa bei. Huyu hutaga mayai mawili. Aina nyingine huchanganya mate na manyoya yake mengi, hata kiota chaonekana cheusi. Naye hutaga yai moja tu. Kiota kikavu ni chepesi mno, gramu saba mpaka kumi na tano, hata huhitajiwa viota mia moja hivi kupata kilo moja. Mia moja, maana yake ni jozi mia moja za wazazi waliofanya kazi zaidi ya mwezi.

Jioni lipo jambo la kutazama mlangoni pa pango. Teleka warudi nyumbani makundi kwa makundi, na saa ile ile popo watoka kwenda kutafuta chakula, kama wafanyakazi wa mgodini wanaopokezana zamu. Popo hutoka kwa mkanda mrefu unaozunguka juu ya msitu kama moshi. Mwewe mmoja mweusi huwavizia hapo, naye hukamata na kumeza akiwa bado angani. Mwewe huyo wa popo yuko hata kwetu Afrika, nasi twaweza kumwona wakati wa magharibi.

KAZI YA WAPANDA NGAZI

Kazi ya kukusanya viota vya Gomantong ni ya wenyeji wa bonde la Kinabatangan, waitwao Orang Sungai, yaani watu wa mto. Ujuzi huu hupita kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Vifaa vyao havijabadilika sana: ngazi ndefu za henzerani, ule mtambaazi mgumu wa msituni, zilizoning'inizwa kutoka paani, kamba, miti ya mianzi, na taa iliyofungwa kichwani. Mtu mmoja hupanda. Wenzake wa chini huishika ngazi na kuivuta kwa kamba huku na huku, mpaka yule wa juu aufikie ukuta. Huko, mita nyingi juu ya mawe, hujinyosha kwa mkono mmoja, hukibandua kiota kwa ufito wenye ncha ya chuma, na kukitia katika mfuko.

Katika mapango ya Niah, yaliyo katika jimbo jirani la Sarawak, hutumiwa miti ya mbelian, mti mgumu kama chuma, iliyoungwa mmoja kwa mmoja kutoka paani. Mtu huikumbatia na kuparamia kama mgema wa tembo, bila ngazi yoyote.

Kamba ikikatika, au mkono ukiteleza juu ya jiwe lenye umajimaji, hapana cha kumpokea. Wamekufa wengi katika kazi hii, na kila jamaa ya wapandaji yajua majina ya wake. Tena zipo siku za ulinzi. Kwa kuwa viota ni mali, walinzi hukaa ndani ya pango mchana na usiku, mwezi baada ya mwezi, katika vibanda vidogo, kati ya harufu ile na wale mende, ili wezi wasije kuvichuma kabla ya wakati.

Wakati wenyewe umewekwa na serikali. Idara ya wanyama wa porini ya Sabah hutoa ruhusa, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza ni kati ya Februari na Aprili, viota vikiisha kujengwa lakini mayai hayajatagwa. Ndege hunyang'anywa nyumba, kisha hujenga nyingine. Mara hii ya pili huachwa. Wataga, waatamia, walea. Na makinda yakiisha kuruka, ndipo watu hupanda tena, mwezi wa Julai mpaka Septemba. Sheria hii ni ya busara: ndege apata watoto wake, mtu apata riziki yake. Ubaya ni kwamba wakati mwingine tamaa huwa na haraka kuliko kalenda.

JINSI KILIVYOFIKA MEZANI

Ni nani aliyeonja kiota kwa mara ya kwanza? Wachina husimulia hadithi ya amiri Zheng He, aliyeongoza merikebu za mfalme wao mwanzoni mwa karne ya kumi na tano. Wasema dhoruba ilimtupa katika kisiwa, na mabaharia wake, kwa njaa, wakachemsha viota walivyovikuta mwambani. Hiyo ni hadithi tu, nasi twaiacha kuwa hadithi. Lakini amiri mwenyewe alikuwako kweli, na merikebu zake zilifika hata pwani ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1415 twiga aliyetoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa Uchina, na watu wa mji mkuu wakatoka kumstaajabia.

Lililo hakika ni hili, kwamba katika karne ya kumi na nane viota vilikuwa chakula cha jumba la kifalme. Katika riwaya mashuhuri ya Cao Xueqin ya karne hiyo, iitwayo Ndoto ya Chumba Chekundu, msichana Lin Daiyu, mgonjwa wa kifua, ashauriwa na mwenzake anywe kila asubuhi uji wa kiota na sukari mawe. Mpaka leo mama mkwe wa Kichina mwenye uwezo humpikia hivyo mkazamwana wake aliye mjamzito au aliyetoka kujifungua, na watoto waliokomaa humpelekea mzazi mzee aliye dhaifu. Hongkong peke yake yapokea viota vingi sana kila mwaka, na yapo maduka yasiyouza kitu kingine.

Kabla ya kupikwa, kiota hulowekwa majini mpaka kilainike na nyuzi ziachane. Kisha huja kazi ya uvumilivu: kuondoa manyoya, unyoya kwa unyoya, kwa koleo dogo. Kazi hii hufanywa hasa na wanawake, walioinama juu ya sahani mchana kutwa. Kiota cheusi kimoja chaweza kuwachosha macho kwa saa nyingi. Mwishowe nyuzi safi hutiwa katika chungu kidogo chenye kifuniko, na chungu hicho huwekwa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu. Huongezwa sukari mawe, pengine na kunazi nyekundu zilizokauka.

Na utamu wake? Hapa msomaji atashangaa tena. Kiota hakina ladha kubwa. Ni kitu laini, chenye kuteleza kama ute wa yai lililopikwa kidogo. Utamu wake ni wa ile sukari.

JE, NI DAWA?

Waganga wa Kichina wa kale walifundisha kwamba kiota huburudisha mapafu, hutuliza kikohozi, huwapa nguvu wagonjwa waliodhoofika na kuipendezesha ngozi. Tusiyadharau maneno ya wazee wa taifa lolote. Lakini tusiyakubali pia bila kuyapima.

Wataalamu wamekipima. Zaidi ya nusu ya kiota ni protini, yaani kile chakula kijengacho mwili, na robo hivi ni namna ya sukari zilizoungana na protini hiyo. Imo asidi ya siali kwa wingi, kitu kinachopatikana hata katika maziwa ya mama. Katika maabara, juu ya chembechembe za mwili na juu ya panya, yameonekana mambo yanayowapa wataalamu hamu ya kuendelea kuchunguza. Lakini kutoka kwa panya mpaka kwa mtu ni mbali. Haijathibitishwa kwa watu kwamba kiota huponya ugonjwa wowote.

Tena lipo jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Mwaka 1921 mwanamke Mchina msomi, Chi Che Wang, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alitoa matokeo ya uchunguzi wake juu ya protini ya viota hivi. Aliona kwamba, kwa kuulisha mwili, ni ya daraja la chini. Binti wa taifa lile lile aliupima urithi wa mababu zake kwa mizani ya haki, akasema alichokiona. Hao ndio wasomi tunaowataka. Na huko Singapore, uchunguzi uliotolewa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kwa watoto wa hospitali moja kubwa, kiota ndicho kilichokuwa chakula kilichoongoza kwa kuwaletea ule mshtuko wa ghafula wa mwili kukikataa chakula, ambao huweza hata kuua.

Basi, akina mama wasomao habari hii wasisikitike kwa kukosa viota. Yai la kuku, maharage, karanga, samaki wa ziwani au wa mtoni, humjenga mzazi na mtoto wake vizuri zaidi, tena kwa bei ambayo mume aweza kuilipa. Mgonjwa wa kikohozi kisichokwisha asitafute kiota wala kitu cha namna hiyo. Aende zahanati apimwe kifua.

MGEMA AKISIFIWA

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Bei ya viota ilipopanda, wadanganyifu walizaliwa. Wengine huongeza uzito kwa gundi ya miti, kwa mwani, kwa uyoga mweupe, hata kwa ngozi ya nguruwe.

Udanganyifu wa ajabu zaidi ulihusu viota vyekundu. Watu waliamini kwamba ndege, akiishiwa mate, hutapika damu yake ili amalize nyumba. Kwa hiyo kiota chekundu kilithaminiwa kupita vyote. Si damu. Wataalamu wameonyesha kwamba rangi hiyo huletwa na hewa itokayo katika mavi ya ndege, na hewa hiyo hiyo hukitia kiota chumvi ya sumu iitwayo nitriti. Mwaka 2011 wakaguzi wa Uchina walikuta nitriti nyingi katika viota vyekundu, na serikali yao ikavizuia viota vya Malaysia. Mapatano yalitiwa sahihi mwaka 2012, na biashara ikafunguliwa tena kidogo kidogo kwa masharti makali ya usafi. Watu walilipa bei kubwa zaidi kwa kile kilichofaa kuogopwa zaidi.

CHOVYA CHOVYA HUMALIZA BUYU LA ASALI

Turudi kwa ndege. Katika pango kubwa la Niah, mwaka 1958, wachimbaji walioongozwa na Tom na Barbara Harrisson walifukua fuvu la mtu aliyeishi yapata miaka 40,000 iliyopita. Kwa ajili ya mambo hayo ya kale mapango ya Niah yaliandikwa mwaka 2024 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa ulimwengu. Yaonekana basi kwamba mtu na teleka wamekaa chini ya paa moja kwa miaka mingi mno. Lakini ndege wa Niah, waliokadiriwa kupita milioni moja mwaka 1935, hawakufika laki moja mwanzoni mwa karne hii. Viota vilichumwa bila kungoja, mayai yakatupwa, makinda yakaanguka sakafuni kuliwa na wadudu. Na msitu uliowapa wadudu wa kula ukakatwa. Aliyepata magunia mengi mwaka mmoja alikuwa akila mbegu za mwaka ujao.

Siku hizi viota vingi vya sokoni havitoki mapangoni. Watu wa Java waliona zamani kwamba teleka mweupe hukubali kukaa hata katika nyumba tupu. Tangu mwisho wa miaka ya 1990, biashara nyingine zilipoanguka, watu wengi wa Indonesia na Malaysia wamejenga majumba marefu ya saruji yasiyo na madirisha, yenye matundu madogo tu, na giza na unyevu kama wa pango. Vipaza sauti hupiga mlio wa ndege ulionaswa, ili wapitao waitwe. Biashara hii imewapunguzia watu hatari ya ngazi, na imewapa wengi mapato. Lakini imeleta ugomvi pia: katika mji wa George Town, ulioandikwa katika orodha ile ya UNESCO mwaka 2008, majirani walichoshwa na kelele na uchafu, na nyumba za zamani ziliharibika kwa unyevu, mpaka serikali ya jimbo ikaagiza ndege wahamishwe.

Hatuwezi kuwahukumu Wachina kwa sababu wapenda chakula tusichokijua. Anayempelekea mama yake mzee bakuli la kiota ampelekea heshima, na heshima haipimwi maabarani. Lakini ni haki bei ya bakuli hilo ihesabiwe yote: jozi za ndege zilizojenga bure, macho ya wanawake wenye koleo, na mtu aliye juu ya ngazi gizani, ambaye mara nyingi supu yenyewe hajaionja.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba maajabu haya yako Borneo tu. Teleka wa minazi na michikichi yuko kwetu. Naye ajenga kwa mate: hubandika manyoya upande wa chini wa kuti linaloning'inia, kisha huyagandisha mayai yake kwa mate hayo hayo, ili upepo ukilitikisa kuti yasianguke. Hapana amnunuaye, na kwa sababu hiyo aishi kwa amani. Mtazameni jioni akirudi mtini, lakini msimsumbue.